Baba, Kilichoharibika ni Kinanda

Baba,

Ulikuwa ukiniambia, "Sema jambo lenyewe kwanza, mama, salamu tutapeana baadaye." Uliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako, Nekesa, na hata nilipofika miaka arobaini na nne hukuacha. Basi nalisema jambo lenyewe. Mkono wako haukuwa na makosa. Kilichoharibika kilikuwa kinanda.

Wacha nikupe habari za nyumbani. Ni miezi saba tangu tukulaze kando ya Mama kule Bungoma. Hapa mtaani kwetu West Indies barabara yetu imechimbwa tena, eti ni bomba la maji, na mvua ikinyesha tunaruka matope na viatu mkononi. Mimi bado ni muuguzi wa wodi ya wanaume, bado nafanya shifti za usiku. Ndugu yangu Wafula bado anafundisha shule kule Burnt Forest, na kila akija ananiletea viazi kana kwamba nalisha watu kumi. Kwaya imeshona majoho mapya ya zambarau. Najua ungesema nini kuhusu hiyo zambarau, kwa hivyo sitakuuliza.

Kinanda chako cha umeme nilikifunika kwa kitambaa cha meza siku ile uliponiambia nikifunike. Hakikufunuliwa tena. Polepole kikageuka kuwa meza: nguo za kupigwa pasi, magazeti ya zamani, mwavuli wako. Mwezi uliopita Wafula alisimama pale sebuleni akasema, "Dada, hiki kitu kinakula nafasi na hakuna anayekigusa. Tuwape watu wa kanisa." Nikakubali haraka. Nadhani nilikubali haraka kwa sababu kila nilipokipita nilikuona umekaa pale, mgongo umenyooka, mkono wa kushoto umelala mapajani.

Nikampigia simu Mama Rael, maana ndiye anayeipigia kwaya kinanda tangu wewe uugue. Alikuja Jumamosi kutoka mtaa wa Pioneer, ameketi nyuma ya boda boda na koti la mvua linalomfika kwenye vifundo vya miguu. Akavua viatu mlangoni ingawa nilimwambia asivue. Nikaondoa nguo, nikafunua kitambaa, nikachomeka waya kwenye soketi. Taa yake ndogo nyekundu ikawaka. Mama Rael akakaa kwenye stuli yako, akafunga macho kidogo kama anavyofanya kabla ya ibada, akaanza kupiga wimbo wa kuanzia misa. Akapiga mistari miwili, akaacha. Akarudia. Akaacha tena.

"Nekesa," akasema, "hiki kinanda kina shida."

"Shida gani?"

"Huku chini. Noti nyingine hazitoki. Na hii, sikia hii." Akakigusa kitufe kimoja kwa upole kabisa, nacho kikalia kwa nguvu hata glasi kabatini zikatetemeka. "Umesikia? Nimekigusa tu."

Nikamwambia labda hajakizoea. Mama Rael hakukasirika. Alinyoosha mkono wake wa kushoto mbele yangu, akakunja na kukunjua vidole, akasema, "Mimi nimepiga vinanda miaka ishirini. Mkono wangu naujua."

Baba, nilishika meza. Yeye hakuelewa kwa nini. Aliniuliza kama naumwa.

Wewe unajua kwa nini.

Unakumbuka tulivyoishi ule mwaka wa ugonjwa. Kiharusi kilikukuta asubuhi ukinyoa ndevu, kikauchukua upande wako wa kushoto wote, na kwa wiki nzima hukuweza hata kukamata kijiko. Halafu akaja Jelagat, yule dada wa mazoezi ya viungo, na mpira wake wa kufinya na utani wake. Baada ya miezi mitatu ulikuwa unafunga vifungo vya shati mwenyewe. Ulimenya viazi vilivyochemshwa. Siku moja Jelagat alikupa mkono akakwambia umfinye, ukamfinya mpaka akapiga kelele, akacheka, akaniambia, "Huyu mzee mkono wake unanipa raha. Mpeleke kwenye kinanda chake." Ulikaa pale siku hiyohiyo. Kwa kuwa mimi hulala mchana nikitoka kazini, ulivaa hedfoni, na mimi kitandani nilisikia tu vidole vyako vikigonga vitufe, tak, tak, tak, kama mtu anayepiga taipu. Ilinilaza vizuri kuliko dawa.

Kisha ile siku uliyoniita. Nilikuwa naamka. Ulikuwa umechomoa hedfoni ili nami nisikie. Ulibonyeza kitufe kimoja kwa kidole cha mkono wa kulia, kwa nguvu, kikalia. Ukakibonyeza kitufe kilekile kwa mkono wa kushoto. Kimya. Ukarudia kwa kulia, kikalia. Kwa kushoto, kimya. Kingine ukakigusa kwa kushoto kikapiga kelele, ukaruka kidogo.

"Umeona, mama?" ukasema. "Nikitaka kilie, hakilii. Nisipotaka, kinapiga kelele. Huu mkono umeniaga."

Nami, muuguzi mwenye miaka kumi na tisa kazini, niliyeona mikono mingapi ya wagonjwa wa kiharusi, nilitikisa kichwa. Nikasema, "Pole, Baba. Utachukua muda." Uliushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia ukauweka mapajani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Ukaniambia nikifunike kinanda.

Baada ya hapo Jelagat akija ulimwambia umechoka. Mpira wa kufinya uliupoteza, au uliuficha, sijui. Shati uliniachia mimi nifunge. Ulikaa na redio. Mimi nilidhani ni uzee umekufikia ghafla, na Wafula akakwambia, kwa nia njema, "Baba, pumzika, umefanya kazi ya kutosha." Miezi minane baadaye ukapata kiharusi cha pili, na hicho hakikutupa nafasi.

Kwa hivyo Mama Rael aliponyoosha mkono wake mzima mbele yangu, nilimwomba anipe wiki moja. Nikamwambia siwezi kuwapa watu wa kanisa kitu kibovu. Hilo lilikuwa kweli. Sikumwambia lile lingine.

Wafula nilimwambia kwa simu alichosema Mama Rael, na kwamba nataka kukifungua. Akasema, "Usikifungue peke yako. Nakuja."

Alikuja Jumamosi iliyofuata na gunia la viazi na sanduku la bisibisi. Tulianza na mambo mepesi, kwa sababu bado kuna sehemu ya moyo wangu iliyotaka Mama Rael awe amekosea. Tukabadilisha soketi. Tukachomeka hedfoni na kuchomoa. Tukatafuta kwenye simu namna ya kukirudisha kinanda kwenye mipangilio ya kiwandani, tukabonyeza vile vitufe viwili kama tulivyoelekezwa, tukakizima na kukiwasha. Hakikubadilika. Ndipo nikachukua karatasi, Wafula akakaa kwenye stuli, akabonyeza vitufe vyote themanini na vinane, kimoja baada ya kingine, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, nami nikaandika. Vyeupe na vyeusi. Ilituchukua karibu saa nzima, na jirani akagonga ukuta.

Vibovu vilikuwa kumi na moja. Saba vilikuwa vimekufa isipokuwa ukivigonga kwa nguvu zote, vinne vilikuwa vikipiga kelele hata ukivigusa kwa upole. Vyote vilikuwa pamoja, upande wa kushoto, pale hasa mkono wako ulipokuwa unakaa. Sehemu nyingine yote ilikuwa safi.

Wafula aliitazama ile karatasi akasema, "Mkono hauwezi kuchagua hivi."

Tulitandika godoro sebuleni tukakigeuza kinanda kifudifudi. Ni kizito, Baba. Sijui wanakwaya walikipandishaje ngazi siku waliyokuletea zawadi ulipostaafu. Chini kulikuwa na skrubu thelathini na mbili, nyingine fupi, nyingine ndefu, na Wafula akazipanga kwenye trei ya mayai, kila shimo na mahali pake, kama ulivyotufundisha ulipokuwa unafungua redio zako. Tulipoinua kifuniko tulikuta nyaya nyembamba kama nyuzi za kushonea. Wafula aliogopa kuzigusa. Mimi nilizoea mishipa ya watoto wachanga kabla ya kuhamia wodi ya wanaume, nikazichomoa moja moja na kuipiga kila moja picha ili nijue inaporudi.

Nikueleze nilivyoelewa, maana ungependa kujua. Chini ya kila kitufe kuna ukanda wa mpira laini wenye vidoti vyeusi, viwili kwa kila kitufe. Ukibonyeza, kidoti cha kwanza kinagusa bamba la chini, halafu cha pili. Kinanda kinapima muda ulio kati ya hivyo viwili, na hapo ndipo kinapojua umebonyeza kwa upole au kwa nguvu. Kidoti kimoja kikizibwa na uchafu, kinanda kinapotea. Kinanyamaza, au kinadhani umekipiga ngumi. Na uchafu ukiwa mwembamba, ukibonyeza kwa nguvu sana kidoti kitagusa, kitufe kitalia. Ndiyo sababu mkono wako wa kulia ulifaulu. Ulikuwa na nguvu za kupita ule uchafu. Mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu za kutosha kupiga kinanda kizima, ila hukuwa na kinanda kizima.

Tulipofika kwenye ukanda wa upande wa kushoto, Wafula akasogeza taa ya simu.

"Hii ni nini?"

Kilikuwa kitu cha kahawia, kimekauka, kimepasukapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Kilikuwa kimeshuka kati ya vitufe na kuganda juu ya vidoti. Nilikikwaruza kwa ukucha. Nikanusa. Hata baada ya muda wote huo kilikuwa na harufu ndogo ya limau.

"Ni uji," nikasema.

"Uji wa nani?"

Uji wa wimbi, Baba. Wa sukari kidogo na limau, kama ulivyoupenda. Jelagat alikuwa ametuambia tuweke vitu vyako upande wa kushoto, ili ulazimike kugeuka huko na huo upande usisahauliwe. Nami nikatii sana. Kikombe chako cha uji nilikiweka juu ya kinanda, kushoto, kila siku ulipokuwa unafanya mazoezi. Asubuhi moja nilikuwa nimetoka kazini, macho yamejaa usingizi, nikanyoosha mkono kukichukua, nikakiangusha. Wewe ulisema, "Wacha, si kitu," ukatoa leso yako ukapangusa. Nami nikapangusa juu kwa kitambaa cha jikoni, juu tu, nikaona pameng'aa, nikaenda kulala. Noti hazikufa siku hiyo. Zilianza kupotea kidogo kidogo wiki ile iliyofuata, na wakati huo sisi wote tulikuwa tunautazama mkono.

Nilimwambia Wafula yote. Nilidhani atanilaumu. Alikaa chini kwenye godoro, kati ya skrubu na nyaya, akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia apumzike." Tukalia, Baba. Si sana. Yeye alilia kama anavyolia, akigeukia ukutani. Kisha akasimama akaenda kupasha maji.

Kanda za mpira tuliziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, tukazitandaza kwenye taulo. Bamba nililisafisha mwenyewe kwa vijiti vya pamba na spiriti ile inayokauka upesi, isiyo na mafuta, nikifuta mstari mmoja, nikitupa kijiti, nikichukua kingine. Ilikuwa kama kusafisha kidonda. Vijiti vilitoka vya kahawia, halafu vya njano, halafu vyeupe. Nilifanya polepole kuliko ilivyohitajika. Tuliacha vikauke hadi kesho yake, Wafula akalala chumbani kwako.

Usidhani kila kitu kilikwenda sawa. Jumapili baada ya ibada tulikirudisha chote, tukafunga skrubu, na zikabaki mbili kwenye trei. Tukawasha. Vitufe kumi kati ya vile kumi na kimoja vikalia. Kimoja kikakataa. Wafula akatupa bisibisi kwenye kochi akasema hataki kukiona tena. Nikampikia chai. Tukakifungua upya, skrubu moja moja, tukakuta ukanda haukuwa umekaa sawasawa, kona yake moja ilikuwa imejikunja. Nikaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikaingia. Zile skrubu mbili hatujui zinakwenda wapi hadi leo.

Tulipowasha tena, Wafula alikaa kwenye stuli. Unajua hajui kupiga, ila ile do, re, mi uliyotufundisha tukiwa wadogo bado anaikumbuka. Aliipiga kwa mkono wa kushoto, taratibu kabisa, kwa vidole vizembe, kama mtu asiye na nguvu. Kila noti ilitoka. Nzito, laini, kila moja kwa kiasi alichoomba. Akaipiga tena na tena. Jirani hakugonga ukuta.

Jumatatu nilimtafuta Jelagat. Nilimkuta akitoka kwenye zamu yake, nikamsimulia pale nje ya lango la hospitali. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijiuliza sana. Mtu anamenya viazi, anafunga vifungo, halafu eti kinanda kinamshinda. Nilidhani ni moyo umekata tamaa." Kisha akasema, "Mzee alikuwa amepona mkono, Nekesa. Nakuambia kama mtu niliyeushika." Nilimwomba aseme tena, akasema tena.

Sisemi uji ndio uliokuondoa. Najua vizuri kiharusi cha pili kinatoka wapi, nimeyaona mafaili yako. Lakini ile miezi minane ungekuwa unapiga. Hiyo najua pia, na nitaibeba. Sikuandikii ili unifariji.

Kinanda kilikwenda kanisani Jumapili iliyopita. Wafula na wanaume watatu wa kwaya walikibeba. Kabla ya ibada nilimwomba Mama Rael nafasi ya kusema neno, nikasimama pale mbele. Siku ya mazishi yako mimi ndiye niliyesoma wasifu wako mbele ya watu, na nilisoma kwamba ugonjwa ulikunyang'anya mkono wa kushoto, nawe ukauacha muziki. Watu walikuwa wameliweka hilo moyoni. Mzee mmoja wa sauti ya besi aliwahi kuniambia hupenda kulitaja kwa vijana, jinsi ulivyokubali kushindwa kwa unyenyekevu. Nikawaambia nilikosea. Nikawaambia habari za uji, wote, na kikombe, na kitambaa cha jikoni. Nikasema, "Baba yangu hakukiacha kinanda. Mkono wake ulipona. Alikuwa akibonyeza sawasawa, na hakuna kati yetu aliyefungua kuangalia."

Yule mzee wa besi aliinamisha kichwa. Kisha Mama Rael akaanza, na ule upande wa chini ukajaa, Baba, mpaka nikausikia kwenye mbao za benchi nililokalia.

Mwezi wa nane shule zikifungwa tutakuja Bungoma, mimi na Wafula, tupalilie pale mlipo na Mama, na nitakusimulia haya tena kwa mdomo. Kule wodini nina mgonjwa, mzee wa umri wako, ambaye kila siku analalamika kwamba kifaa chake cha masikio kinamdanganya. Wenzangu wanasema ni kichwa chake kimechoka. Jana nilikaa kitandani kwake nikamwambia, "Mzee, nipe nikiangalie." Nakuahidi hivyo: mtu akiniambia kitu hakimtii, nitakishika hicho kitu kwa mikono yangu kwanza, nikifungue, kabla sijamwambia pole.

Salamu sasa. Wafula anakusalimu. Mama Rael anakusalimu. Jelagat pia.

Lala vizuri, Baba, na mikono yako yote miwili.

Mama yako,
Nekesa